Mabawa ya Pipa la Bluu

Mke wangu ni mtu wa Njombe, na kipupwe kikiingia mie ndiyo kichekesho chake. Natoka chumbani alfajiri nimevaa sweta, koti juu yake, soksi juu ya soksi, namkuta uani anafua kwa maji ya bomba, mikono wazi mpaka mabegani. Ananitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Hii nayo baridi?" anauliza. "Kwetu hali kama hii watu wanaanika mahindi." Nacheka naye, ila sikubali. Mie nimezaliwa Chang'ombe, nimekulia Boko, mwili wangu umezoea joto la pwani. Anayebisha apande pikipiki Madale kule vilimani, jua halijatoka, umande umelala barabarani, ateremke mpaka Tegeta na suruali ya kitambaa, halafu aje tuzungumze.

Mama yangu peke yake ndiye aliyekuwa hanicheki. Kwa mama baridi si kitu cha mzaha. Mdogo wangu aliyenifuata alikufa kwa kichomi, bado mchanga, mikononi mwa mama, tukiwa tunakaa Chang'ombe. Mie simkumbuki hata sura. Mama alikuwa hamtaji, lakini kila mtoto wa nyumba ile, mpaka wajukuu, ameonja lile neno lake: vaa soksi. Alikuwa na imani yake kwamba baridi haipigi hodi kifuani. Inaingilia miguuni, inapanda taratibu, na ikifika kifuani ndiyo imefika kwake.

Baba alipofariki nilimtoa mama Boko nikamleta kwangu Madale. Nyumba ya Boko ilikuwa ya kupanga, na sie watoto tulikubaliana kwamba hawezi kubaki kule peke yake. Mama alikubali yote. Aliacha chumba, akagawa kabati, kuku wake akampa jirani. Kitu kimoja tu alikataa katakata, nacho ni biashara yake ya vitumbua. Alikuwa anapikia kwenye kibaraza cha shoga yake, jirani na barabara ya Bagamoyo, tangu mie navaa kaptula za shule. Walimu walinunua kwake, mafundi walinunua kwake, na wapo waliokuwa wanakula vitumbua vyake wakiwa na daftari mkononi ambao sasa wanawanunulia watoto wao.

"Nyumba nimeacha," aliniambia siku ya kuhama. "Kibaraza siachi. Siku mkiniachisha kile kibaraza, mjue mmenizika huku nasikia."

Basi ikawa kazi yangu. Mie ni karani kwenye ofisi moja ya mizigo huko mjini, na Boko si njia yangu hata kidogo, ni kurudi nyuma kisha kugeuza. Lakini huyu ni mama. Kila siku baada ya swala ya alfajiri namwamkia, "Shikamoo, mama," anaitikia, "Marahaba, baba," tunatoka. Ndoo ya unga wa mchele ulioumuka naifunga mbele yangu juu ya tangi. Yeye anapanda nyuma.

Na hapa niseme anavyopanda, kwa sababu ndipo kisa chote kilipo. Mama alikuwa anakaa upande. Hakukaa kiume, mguu huku na mguu huku, hata siku moja. Nilishamwambia mara nyingi kwamba kukaa kiume ni salama zaidi, akanijibu, "Nipanue miguu barabarani, mie, na buibui langu? Wewe una wazimu." Kwa hiyo miguu yake yote ilikuwa inaning'inia kushoto, kwa sababu kulia kuna ekzosi na ekzosi inaunguza. Mkono mmoja ameshika koti langu, mwingine ameshika kanga. Wanawake wangapi wa Dar es Salaam wanakaa hivyo? Wengi tu. Nimewaona maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiria maana yake kwa upepo.

Kipupwe cha mwaka jana nikaugua. Kilianza kikohozi, ikaja homa, kikafuata kichomi chenyewe, kinanichoma ubavuni kila nikivuta pumzi. Hospitali wakasema ni nimonia, wakanilaza. Mama alikaa pembeni ya kitanda ananilisha uji kwa kijiko kama vile sina mke, na mke wangu, Mungu ambariki, akamwachia. Nilikuwa nikifumbua macho namkuta ananiangalia kifua. Uso haangalii. Anaangalia kifua kinavyopanda na kushuka.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema nilipopata nafuu. "Nilikwambia kuhusu hiyo miguu. Unaendesha miguu wazi, upepo wote unakuingia. Hiyo pikipiki uivike nguo, au uiuze."

Kuiuza siwezi. Nikaamua kuivika.

Nilimpata fundi Chang'ombe, mtaa uleule niliozaliwa, siku hizi umejaa karakana. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliniambia kwamba watu wa nyanda za juu wote wanaopita barabarani na pikipiki zao wanavaa kazi yake, jambo ambalo mpaka leo siliamini. Kazi yenyewe ni hivi. Mbele ya miguu pikipiki ina bampa, yale mabomba ya chuma yanayokinga injini ukianguka. Fundi anachukua pipa la plastiki la bluu, lile la kuwekea maji, analikata vipande viwili vyenye mbinuko, anavipasha moto vikae sawa, anavifunga kwa bolti kwenye bampa, kimoja kulia, kimoja kushoto. Miguu yako inakaa nyuma yake kuanzia kwenye kiatu mpaka juu ya goti. Upepo unagonga plastiki. Wewe unapata joto la injini bure.

Alinipandisha juu ya pikipiki, akapima kwa kamba kuanzia kifundo mpaka goti. Na mie nikajifanya mhandisi. "Kingo zake zikunje kwa nje," nikamwambia. "Maji yakipiga yasirudi kwangu, yaruke pembeni huko." Akasema, braza, wewe una akili, hilo hata mimi sikuliwaza. Nikafurahi mno. Akazikunja kwa nje kama nilivyotaka, vizuri kabisa, na nikamshika mkono kwa shukrani. Tulipima miguu yangu, tukapima usukani, tukapima hata ndoo ya vitumbua. Mtu wa nyuma hatukumtaja.

Kijiweni kwetu Madale bodaboda walipokea ujio wangu kwa kelele. "Braza, unaruka saa ngapi?" "Abiria wa Mwanza wajongee!" Ndipo yakaitwa mabawa, na jina likakaa. Nilikasirika siku ya kwanza, siku ya pili nikawa natania nao, na wiki haijaisha nikaanza kujivuna. Ukinikuta kwenye foleni unanikuta nimekaa wima kama waziri. Suruali kavu. Viatu vinang'aa. Mvua za vuli zilikuja zikanikuta nacheka.

Siku ya kwanza kumpakia mama na mabawa, tulipofika kwenye mteremko niligeuza shingo nikapiga kelele, "Mama, unaona mambo hayo? Baridi iko wapi sasa?"

"Nayaona, mwanangu," alijibu. "Angalia mbele."

Ni kweli baridi niliyokuwa naijua ilikuwa imetoweka. Magoti yangu yalikuwa na joto, kifua kimetulia, hata ndoo ya unga mbele yangu ilikuwa na joto, mpaka mama akasema unga siku hizi unaumuka vizuri kuliko zamani. Kila asubuhi namuuliza, "Mama, unasikia baridi?" Kila asubuhi ananijibu, "Endesha." Nikachukulia kwamba endesha maana yake hapana. Loh! Mtu akitaka kudanganywa hahitaji hata mwongo, anajitosheleza mwenyewe.

Kwa sababu dalili zilikuwepo. Alianza kufunga kanga miguuni, juu ya buibui, anaikaza kwa fundo. Baadaye zikawa kanga mbili. Nilimuuliza, akasema anazuia buibui lisipeperuke. Tukifika Boko alikuwa anabaki amekaa kidogo kabla ya kushuka, ananishika bega, ananyoosha miguu pole pole. Mie natazama saa yangu. Pindo la buibui linadondosha maji, suruali yangu kavu, na mie natazama saa! Nikikumbuka hilo hata leo najisikia vibaya mpaka nakosa pa kuweka uso.

Masika ikaja, magoti ya mama yakakataa. Kwanza aliacha kukaa kwenye kigoda, akaomba kiti. Halafu nikamkuta anaswali amekaa kitandani, yeye ambaye sijda yake ilikuwa ndefu mpaka sie watoto tulikuwa tunadhani amesinzia. Mke wangu alikuwa anamkanda kwa mafuta ya karafuu kila jioni. Tukampeleka hospitali, daktari akasema ni umri, mifupa imelika, apunguze kazi, ajiepushe na baridi. Ajiepushe na baridi! Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, na nje pale tulipotoka nikampandisha pikipiki, upande, nikawasha.

Tukaita kikao cha ndugu. Kaka yangu alikuja kutoka Temeke, dada yetu akaja na mumewe, tukakaa sebuleni kwangu, mama katikati. Neno lilikuwa moja, kwamba vitumbua basi. Na msemaji mkuu nilikuwa mie. Kaka alikuwa anasitasita, anasema labda tumtafutie usafiri mwingine, mie nikamkata. "Usafiri si tatizo," nikasema. "Mimi nampeleka kila siku, na pikipiki nimeshaitengeneza vizuri, haina baridi. Tatizo ni mwili. Mama, mwili umechoka. Huo ni umri. Tunakuonea huruma."

Mama aliniangalia. Watu tulikuwa wengi mle ndani, lakini aliniangalia mie peke yangu, akafungua mdomo, akaufunga. Halafu akashusha macho kwenye magoti yake na kuyawekea viganja.

"Haya," akasema. "Wanangu mmesema."

Wiki hiyohiyo alimpelekea shoga yake kile chuma cha vitumbua chenye vishimo, cheusi kwa miaka na miaka ya mafuta. Mie ndiye niliyekipakia. Alinikabidhi kimefungwa kwenye kitambaa, hakutaka kwenda mwenyewe.

Sasa niseme jambo ambalo mke wangu hajui. Mama alipoacha kwenda Boko, nilifurahi. Nililala zaidi. Niliondoka nyumbani kumepambazuka, nikaenda mjini moja kwa moja, na asubuhi ya kwanza nilipiga mluzi njia nzima. Nilikuwa nimemtoa mama yangu kwenye kitu alichokipenda kuliko vyote, nami napiga mluzi ndani ya mabawa yangu.

Nyumbani mama akanyamaza. Hakununa, mama si mtu wa kununa. Alinyamaza tu. Alikuwa anaamka muda uleule, anaswali, anavaa buibui, anakaa ukingoni mwa kitanda na kipochi chake mapajani kama anayesubiri kuitwa. Kukicha analivua. Mke wangu ndiye aliyemwona, akaja kuniambia, bila utani wa Njombe safari hii. "Mama anaisha," alisema. "Si magoti. Ni mama mwenyewe anaisha." Nikamwambia atazoea. Nilisema hivyo, atazoea, huku navaa soksi zangu.

Kipupwe kikaingia, na Mungu akanitumia jipu.

Cheka tu, hata mie nacheka. Lilitoka ndani ya paja, pale pabaya, kubwa kama limau. Siwezi kukaa, siwezi kutembea sawasawa, natembea kama bata. Asubuhi moja likanizidi, mke wangu akampigia simu bodaboda mmoja wa kijiweni, jirani yetu, anipeleke zahanati Tegeta. Pikipiki yake ilikuwa kwa fundi, kwa hiyo alikuja kwa miguu tutumie yangu. Nikajaribu kupanda nyuma kama mwanaume. Wapi! Nilipiga yowe mpaka kuku wa jirani wakaruka. Njia ilikuwa moja. Nikageuka, nikakaa upande, miguu yote kushoto.

"Leo umekuwa bi harusi, braza," jirani akasema. Mke wangu alilazimika kushika ukuta kwa kucheka. Mama alikuwa barazani, yeye hakucheka. Alisema, "Jifunge kanga." Nikamwambia, mama, aibu niliyonayo inatosha.

Tukatoka. Kulikuwa na manyunyu, yale ya kipupwe yasiyo na kelele, barabara imelowa. Tambarare nilikuwa sawa. Tulipoushika mteremko na pikipiki ikachanganya mwendo, ndipo nikaijua kazi ya fundi wangu. Upepo ulikuwa unagonga lile bawa la kushoto, unateleza juu ya plastiki, unafika kwenye ule ukingo niliousifia, unatupwa nje. Na nje ndipo magoti yangu yalipokuwa. Haukuwa upepo wa kawaida wa pikipiki, ule unaosambaa mwili mzima. Huu ulikuwa umekusanywa mahali pamoja, unakuja kwa nguvu, na maji yote ya tairi la mbele umeyabeba, baridi kali, goti, goti, goti. Kabla hatujafika nusu ya mteremko suruali ilikuwa imelowa kuanzia pajani, na magoti yananiuma mpaka jipu nikalisahau.

"Punguza mwendo!" nikapiga kelele.

"Naenda polepole hapa, braza!" akajibu, na sauti yake ilikuwa ya raha tupu. "Lakini haya mabawa yako nimeyakubali. Huku mbele sisikii kitu, kama niko sebuleni. Vipi, unasikia baridi?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikajisikia nasema, "Endesha."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Njia yote iliyobaki nilikuwa nahesabu mwilini mwangu, siyo kwa namba, asubuhi zote za vuli, na za masika, na zile za mwanzo wa mwaka ambazo umande unakuwa kama mvua. Mie mbele, ndoo ya unga mbele, sote wawili tuna joto. Mama nyuma. Na nilikuwa nimemwambia mbele za watoto wake wote kwamba ni umri.

Zahanati walilipasua jipu, nikapiga kelele zangu nyingine, jirani akanirudisha vilevile, upande. Safari ya kurudi sikuulizwa kuhusu baridi, maana ni kupanda mlima na mwendo ni mdogo. Mama alikuwa palepale barazani, amekaa kwenye kiti, anachambua mchele kwenye ungo. Sikuingia ndani. Nilichukua spana, nikainama kwa shida mbele ya pikipiki, nikaanza kufungua bolti za bawa la kushoto.

"Unafanya nini na kidonda hicho?" mama akauliza.

"Nayatoa."

"Kwa nini?"

"Mama, leo nimekaa nyuma."

Aliendelea kuchambua. Akatoa kokoto, akaitupa. "Umekaa upande?" akauliza.

"Upande."

"Ahaa," akasema.

Nikaacha spana. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Sasa mwanangu, kitu kinanipiga magotini kila siku, nisijue?" Hakuwa na hasira. Alisema kama anayenifafanulia namna ya kukoroga unga. "Upepo ukiuzuia huku, lazima upite kule. Mie nilikuwa kule."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeyatoa."

"Ndiyo! Si ningeyatoa!"

"Ndiyo maana," akasema mama.

Nilikasirika. Sitaficha, nilimkasirikia mama yangu, nikiwa na paja lililofungwa bandeji na macho yananiwasha. Nikamwambia ana roho mbaya ya wema, sijui hata nilimaanisha nini. Nikamuuliza ni mtu gani duniani anaweza kuishi na deni kama hilo. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza kwenye kile kikao, akaniacha nasema maneno yale, umri, umri, mbele za watu, na yeye anajua.

"Ningekuumbua mbele ya kaka yako?" akasema. "Na ulivyokuwa unayapenda hayo madude?"

"Na kibaraza, mama? Ukakubali tukuzike unasikia?"

Hapo mkono ukasimama juu ya ungo. Mke wangu alikuwa ametokea mlangoni na beseni la nguo, naye akasimama.

"Kibaraza kiliniuma," mama akasema. "Kiliniuma sana. Kuliko magoti." Akaupapasa mchele bila kuuchambua. "Lakini mmoja nilishamzika kwa kichomi. Nilikaa naye usiku kucha kifua kinalia, sina la kumfanyia. Wewe mwaka jana kifua chako kilikuwa kinalia vilevile. Halafu unapata kitu cha kukukinga, mie niseme kitoke kwa ajili ya magoti ya kizee? Acha hizo. Rudisha hiyo bolti."

Sikuirudisha. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa jambo nililolifanya bila kujua, na msamaha wa aina hiyo ni mwepesi, mtu unaomba unapewa. Hili lilikuwa jingine. Alikuwa ameupokea ule upepo makusudi, kila asubuhi, kwa ajili yangu, na mie nilikuwa nimeupokea wema huo bila hata kuugeukia. Nilipiga magoti palepale kwenye mchanga, kidonda kikafunguka, nikamshika miguu. Ilikuwa ya baridi hata mchana ule. Akasema, "Inuka, unachafua bandeji."

"Kesho nakupeleka Boko," nikamwambia.

"Kufanya nini? Chuma nimegawa."

"Kukaa tu."

Jioni ile mke wangu alimkuta anapiga pasi buibui.

Kesho yake haikuwezekana, paja lilikataa. Tulikwenda lilipopona. Bawa la kushoto nilikuwa nimelitoa na kulitupa nyuma ya choo, la kulia nikaliacha kwa sababu mama alishikilia kwamba nisipoliacha hapandi. Akajifunga kanga zake, akakaa upande, nikaendesha taratibu kama nimebeba mayai. Kwenye mteremko upepo ulikuja kushoto kwangu, mzima mzima, nikaupokea mie wa kwanza. Nilitetemeka na nilifurahi kutetemeka. Katikati ya mteremko nikasikia mkono wa mama unapita kiunoni kwangu, unashuka, unanigusa goti la kushoto. Lilikuwa limelowa. Mkono ukakaa pale kidogo, ukarudi.

Boko shoga yake alikuwa ameipua chungu cha mafuta, alipotuona akaweka mikono kichwani. "Loh! Maiti kafufuka! Na mie nilishakula ubwabwa wa arobaini!"

"Ulikula wa nani, mlafi wewe?" mama akamjibu kabla hata hajashuka. Sijui ni muda gani nilikuwa sijaisikia sauti ile. Ilichukua muda kumshusha. Magoti hayakupona kwa sababu mie nimetubu, hayajapona mpaka leo. Shoga yake alileta kiti, akakiweka jirani na jiko, na chuma kilikuwa palepale motoni, kinatoa moshi. Mama akainama kukitazama. "Moto mkali huo," akasema. "Unavibabua." Shoga yake akamtupia kijiti cha kugeuzia, "Haya, geuza wewe mjuaji," na mama akageuza. Kimoja, kingine. Mwalimu mmoja aliyekuwa amesimama anasubiri akasema, shikamoo bi mkubwa, tulikukosa.

Nikaona nimemaliza. Nikageuza pikipiki niende kazini.

"We!" mama akaniita. "Njoo hapa."

Nikarudi. Alikuwa ameinama kwa shida juu ya kiti, anafungua fundo la kanga miguuni mwake.

"Weka mguu hapa," akasema, akapiga ukingo wa kibaraza. "Huo wa kushoto."

"Mama, watu wanaona."

"Waone. Weka mguu."

Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Ningeweza kusema baki nayo, mama, magoti yako ndiyo yanayoumwa. Maneno yalikuwepo mdomoni. Mwalimu anatazama, shoga yake anatazama, na mie, mtu mzima mwenye ndevu na watoto, nikauweka mguu juu ya kibaraza. Akanifunga goti kwa kanga ile, akaizungusha, akakaza fundo kama alivyokuwa akinifunga kamba za viatu. Ilikuwa bado ina joto la miguu yake. Nikawasha pikipiki, nikaondoka nayo.